Usikinoe Kisu cha Baba

Torino, 9 Oktoba 1983

Dada Totoia,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha binti yako na mumewe, kisha mbuzi kama bado wapo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo tangu nistaafu kiwandani nalo limeamua kustaafu. Delfina anakusalimu sana. Mimi na yeye hatuna ugomvi, ila kabati la vyombo limejaa visu na sahani zimehamia chini ya kitanda. Juzi aliniambia kwamba siku akifa nisihangaike na maua, nimwekee kisu tu, ameshazoea.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita nilikwenda gulioni, kule wanakouza mitumba na vitu vya marehemu. Mama mmoja alikuwa ametandika shuka chini, na katikati ya funguo na vijiko nikaona kisu cha kukunja cha kwetu kisiwani. Nikajifanya natafuta kijiko. Nilishika vijiko mpaka yule mama akaniuliza kama nyumbani kwetu tunakula kwa mikono. Mwishoni nikakichukua kile kisu kama mtu anayemwonea huruma muuzaji.

Dada, nadhani nimepata kisu cha Baba. Mpini ni pembe ya kondoo dume, nyeupe kama siagi, ina doa jeusi upande wa mwisho. Shingoni kina pete ya shaba. Bapa lake ni jembamba, limechongoka kama jani la mhadasi. Na kutu imekishika vizuri, kutu ya kahawia, kutu ya heshima, ambayo hakuna aliyeigusa miaka mingi. Nilipokifungua kililia sauti ile ile. Niliketi ngazini nikashindwa kusimama, na safari hii si kwa sababu ya goti.

Unajua jinsi kilivyotoweka siku Baba alipofariki, mwaka ule wa hamsini na mbili, na mtoto wa kiume, niliyepaswa kukirithi, nikaondoka nyumbani mfuko mtupu. Kimefikaje Torino, sijui. Marehemu shemeji Bustianu alikuja huku mwaka wa sitini na moja kutibiwa figo, lakini mimi sisemi kitu. Nimetaja figo tu.

Nakutumia kisu hiki kwa rejista. Umebaki wewe peke yako unayekijua. Kitazame, kipime, uniambie. Usikitumie kwa kazi yoyote.

Ndugu yako,
Bainzu


Orosai, 2 Novemba 1983

Mdogo wangu Bainzu,

Salamu zako zimefika, na mbuzi wamezipokea. Leo ni siku ya marehemu wote, nimetoka makaburini na masizi ya mishumaa mikononi. Nimemwashia Baba, nimemwashia Mama, nimemwashia na Bustianu wangu. Nimemweleza kwamba umeulizia figo zake. Amenyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza alipokuwa hai kila ukimsema.

Kwanza chukua hiyo sarafu niliyoifunga kwenye karatasi. Najua kisu hujanipa, umenitumia nikitazame, lakini kisu ni kisu. Kikipita mkononi mwa ndugu bila sarafu kurudi, kinakata undugu. Usiniambie kwamba huko bara mmeyasahau haya.

Sasa nakujibu. Si cha Baba. Baba alikuwa na shoto, na kinoo alikishika kwa mkono wa kulia akasugua kisu kwa wa kushoto, kwa hiyo makali ya kisu chake yaliliwa upande ambao visu vya watu wengine haviliwi. Hiki kimeliwa upande wa watu wote. Tena pete ya kisu cha Baba ilikuwa na mikato miwili midogo ya tupa, alama ya fundi Pascale. Hii pete haina kitu, nimeitazama kwa miwani yangu na kwa miwani ya padri.

Kwa kuwa si cha Baba, sikuona ubaya kukifanyia wema. Kilikuwa butu hata viazi vilikikataa. Nimekisugua kwa majivu na ndimu mpaka kutu yote ikatoka, kisha nikakinoa. Sasa kinang'aa, unaweza kujinyolea ndevu. Hunidai kitu.

Na jambo langu mimi. Manispaa imebandika tangazo mlangoni mwa makaburi. Nafasi imekwisha, kwa hiyo makaburi yote ya mwaka wa hamsini na tano kurudi nyuma yatafukuliwa majira ya kuchipua, na mifupa itawekwa kwenye visanduku ukutani. Baba yumo. Wanataka mtoto wa marehemu awepo. Wewe ndiye wa kiume. Tangu tumzike Mama mwaka wa hamsini na nane hujakanyaga hapa, na hata siku hiyo ulikula umesimama jikoni kama mtu anayesubiri treni. Bustianu alipokufa ulituma telegramu ya maneno sita. Njoo.

Dada yako,
Totoia


Torino, 20 Novemba 1983

Dada Totoia,

Delfina anakusalimu. Mimi pia nakusalimu, lakini nimekaa chini.

Umekinoa. Nilifungua kifurushi nikajiona uso wangu kwenye bapa, uso wa mtu aliyefiwa. Dada, ile kutu ilikuwa ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Hapa tuna chama chetu cha wakusanyaji, tunakutana kila Alhamisi, na mwenyekiti wetu ni daktari wa meno, Bwana Quaglia, mtu mpole ambaye hajawahi kumpigia kelele hata mgonjwa anayemng'ata. Nilipomwonyesha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniuliza ni mnyama gani aliyekifanyia hivi. Nikamwambia ni dada yangu. Akaomba radhi, lakini neno hakulirudisha.

Sikiliza, maana nakuambia kama mwanachama. Kisu cha zamani hakinolewi. Hakisuguliwi. Hakioshwi kwa ndimu. Sisi tukipata kisu chenye uchafu tunautambua uchafu wenyewe ni wa mwaka gani.

Habari za shoto unanifundisha mimi? Mezani nilikaa kushoto kwa Baba utoto wangu wote. Kila akikata mkate kiwiko chake kilinipata sikioni. Mpaka leo sikio hilo linasikia vibaya, na ninamshukuru.

Kuhusu kufukua makaburi, goti haliruhusu meli. Daktari amesema ngazi ni mwiko, na meli ni ngazi tupu.

Nakutumia kingine. Hiki nimeuziwa na bwana mmoja anayekuja huku kila mwaka na sanduku la visu vya kisiwani, na pete yake ina mikato miwili, nimeihesabu na Delfina ameihesabu. Makali yake yameliwa upande wa shoto. Nimekifunga na karatasi yenye maandishi makubwa. Yasome kabla hujatafuta kinoo.

Bainzu


Orosai, 8 Januari 1984

Mdogo wangu,

Usikasirike kwa kuchelewa. Krismasi imepita na wageni wake, tumechinja nguruwe, na mkwe wangu Zuanne alianguka kwenye paa la zizi akaangukia kondoo. Zuanne mzima, kondoo mzima, paa ndilo limeumia.

Karatasi yako nimeisoma. Sikukinoa. Nguruwe mzima nimemchuna kwa kisu kile kile kikiwa butu kama kijiko, kwa heshima ya chama chenu, na mkono wangu unauma mpaka leo. Sarafu hiyo hapo.

Nilikinusa kabla sijakitazama. Bainzu, ile harufu si ya zamani, ni ya punda. Na si punda yeyote, ni punda wa Ciriacu, jirani yangu hapa ukutani. Kila majira ya baridi Ciriacu anatengeneza visu, anavichovya kwenye kahawa, anavifukia kwenye samadi ya punda wake mpaka vinazeeka, kisha anamuuzia bwana mmoja anayevipeleka bara. Nikampigia kelele juu ya ukuta. Alikuja, akakishika, akafurahi kama mtu aliyemwona mwanawe amerudi kutoka jeshini. Anasema mikato miwili anaikata kwa ajili ya watu kama wewe. Upande wa shoto ulikuwa bahati tu, siku hiyo alikuwa na kidonda kidole cha kulia. Anakusalimu sana, na anauliza kama daktari wa meno naye anahitaji, kuna vingine viko tumboni mwa samadi vitaiva Pasaka.

Nimecheka mpaka nikalia. Lakini nimelia kweli pia, na nitakuambia kwa nini. Katika barua yako ya kwanza Bustianu yumo, umemficha chini ya maneno kama paka chini ya meza, mkia nje. Basi na mimi nitakuonyesha mkia wangu. Siku tuliyomzika Baba ulipanda meli jioni ile ile. Sanduku lako lilifungwa kwa kamba, na Mama alipotaka kuongeza soksi ulilikalia. Ulilikalia, Bainzu, nakuona mpaka leo. Kulikuwa na nini ndani ambacho mama yako mzazi hakutakiwa kukiona?

Manispaa wanasema watafukua mwezi wa tano.

Totoia


Torino, 15 Januari 1984

Salamu zote zilizomo humu ni za Delfina. Mimi sina.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vitu vyangu.

Na sasa kwa kuwa umetaka mkia, chukua paka mzima. Baba alikuwa na kisu chake kwenye kizibao asubuhi ile, nilikiona kwa macho yangu kabla sijakwenda kumwita padri. Niliporudi hakikuwepo. Nani alimnyoa Baba? Bustianu. Nani alimvua viatu? Bustianu. Hata mume hajawa bado, mchumba tu, na tayari mikono yake iko kwenye mifuko ya baba yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa na neno hili zaidi ya miaka thelathini, sasa limetoka, na sijisikii vibaya.

Mwambie Ciriacu nimekiweka kisu chake nje ya dirisha kwa sababu ya harufu.

Bainzu


Orosai, 25 Machi 1984

Kwa Bwana Bainzu, Torino.

Bwana, natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Mimi na familia yangu tu wazima. Mvua imenyesha kiasi. Kondoo wamezaa. Nimeandika haya yote kwa sababu Mama alitufundisha kusalimu hata mtu anayetudhulumu.

Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo padri angenitoza tasbihi nyingi.

Bustianu alikuwa na kisu kimoja maisha yake yote. Mpini wa mzeituni, ameuchonga mwenyewe, na ncha ilivunjika mwaka tuliooana akaiacha hivyo hivyo. Kiko kwenye droo ya meza yangu. Yeye hakuwa mtu wa kusema. Lakini alijua unachomdhania, alijua toka siku ya kwanza, na kila harusi, kila ubatizo, wanaume walipotoa visu mezani, yeye alikitoa kile chake kisicho na ncha akakiweka juu ya kitambaa mahali ambapo kila mtu angekiona. Nilimwambia nunua kingine. Alisema, nikinunua kizuri watasema ni kile.

Na alipokuwa Torino na figo zake, ulikwenda kumwona hospitali. Alinisimulia. Ulikaa kitandani kwake, akatoa kisu chake akakumenyea chungwa. Ulilila lile chungwa, Bainzu. Ulikula mpaka mbegu, alivyoniambia, halafu ukarudi nyumbani ukaendelea kumwita mwizi.

Kuhusu sanduku lako usijisumbue. Paja la nguruwe lililokuwa limekaushwa kwa ajili ya harusi yangu lilitoweka siku hiyo hiyo, na kamba za sanduku lako zilinuka kitunguu saumu mpaka bandarini. Nililijua siku zote. Nilisema tu moyoni, palipopita paja la nguruwe, na kisu kingepita.

Watafukua kaburi Jumamosi, tarehe tano Mei. Nitakuwepo. Wewe fanya unavyoona.

Mjane wa Bustianu


Torino, 23 Aprili 1984

Dada,

Jana ilikuwa Pasaka. Delfina ameisoma barua yako kabla yangu, na tangu siku hiyo ananipikia supu isiyo na chumvi. Ameshika upande wako, na hajawahi hata kukuona ukinoa kisu.

Chungwa nalikumbuka. Alilimenya ganda likatoka utepe mmoja, bila kukatika, kwa kisu kisicho na ncha. Nilitaka kumwambia kitu. Sikumwambia, nikala chungwa.

Sijui la kusema zaidi kuhusu Bustianu, kwa hiyo nitasema kuhusu mimi. Goti si sababu. Wewe umekaa huko siku zote, hujui mtu anayerudi anavyotazamwa. Nitakuja, mtanichinjia kondoo, tutakaa mezani, na wanaume wote watatia mikono mifukoni. Zuanne atatoa cha baba yake. Ciriacu atatoa cha babu yake, si cha samadi, cha kweli. Halafu watanitazama mimi, mtoto wa Mzee Larentu, na mmoja ataniuliza kwa upole kabisa, Bainzu, cha mzee kiko wapi? Nimekaa bara miaka yote hii nikilikimbia swali hilo. Nimenunua visu vya kujaza kabati nikitafuta kimoja tu cha kulijibia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ninachokitumia. Mkate nakata kwa kisu cha Delfina, chenye mpini wa plastiki.

Kwa hiyo sitakuja. Mwashie Baba mshumaa kwa ajili yangu.

Nakusalimu, na safari hii ni mimi mwenyewe.

Bainzu


Orosai, 6 Mei 1984

Mdogo wangu, mdogo wangu Bainzu,

Keti. Kama umeshaketi, mwite Delfina akae karibu.

Jana asubuhi tulikuwa makaburini mimi, binti yangu, Zuanne, padri mwenye mafua, na karani wa manispaa aliyevaa viatu vyeupe kwa kazi ya udongo. Mchimba kaburi ni mtoto wa marehemu fundi Pascale, kwa hiyo tulikuwa kama nyumbani. Ciriacu alikuja bila kualikwa. Alisema anakuja kumsalimu jirani.

Sikuogopa kama nilivyodhani. Mifupa ni misafi, Baba amekuwa mdogo tu. Soli za viatu zilikuwa nzima, karani akazisifu. Mtoto wa Pascale alikuwa anapanga taratibu, mguu huu, mguu ule, mpaka akafika kwenye kizibao, kile cha mahameli, kimebaki vipande. Akasimama. Akasema, shangazi, mzee amebeba kitu.

Upande wa kushoto, Bainzu. Kimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, na kitambaa kimebanwa kwa kifungo cha fedha. Unakikumbuka kifungo cha blauzi ya Mama ya harusi, kile ambacho baada ya wewe kuondoka alisema kuku amekimeza? Tulichinja kuku watatu tukikitafuta, na Mama alikaa pale akatusaidia kupekua matumbo na uso mkavu. Alijua kiko wapi. Tulikula kuku wiki nzima.

Nilikifungua kwa mikono yangu. Pembe imeliwa na wadudu, bapa limeungana na mpini kwa kutu, lakini ukingo unaonekana, na umeliwa upande wa shoto. Nikaifuta pete kwa kidole. Mikato miwili. Mtoto wa Pascale naye alitazama, akavua kofia, maana ni kazi ya mkono wa baba yake. Ciriacu alisema hiyo ndiyo kutu, na kwamba punda wake hawezi.

Ni Mama. Bustianu alimnyoa Baba, kisha Mama akatutoa wote nje akamvisha peke yake. Unakumbuka alivyokuwa, hakumruhusu Baba kwenda hata sokoni bila kumpapasa mfuko, umebeba kisu, utakulaje huko? Safari ile ndefu angemwachaje aende mikono mitupu.

Na aliishi miaka sita zaidi. Miaka sita, Bainzu. Wewe ulikuwa unamshuku Bustianu, mimi nilikuwa nakushuku wewe, Bustianu alikuwa anamenya machungwa, na Mama alikuwa pale pale jikoni anakoroga maharage. Kuuliza si ujinga. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Tulidhani tunamlinda asijue kwamba kimeibwa.

Nilipotoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bustianu. Nilikaa kaburini kwake. Nililia kwa sauti, watu wakasikia, na sioni haya.

Karani anasema vitu vilivyokutwa ni mali ya warithi. Wewe ndiye mtoto wa kiume, na wewe ndiye uliyekitafuta. Kisanduku cha Baba kiko kanisani, kitatiwa ukutani Jumapili ya tarehe ishirini baada ya misa. Kabla ya hapo niambie nikitume kwa rejista au nifanye nini. Kiko juu ya meza yangu. Sijakinoa, ingawa mkono uliniwasha.

Totoia


Torino, 12 Mei 1984

Dada yangu Totoia,

Barua yako imefika asubuhi, na Delfina amenitilia chumvi kwenye supu.

Kabatini mwangu, rafu ya katikati, kuna kitambaa cha kijani, na katikati ya kitambaa pameachwa mahali wazi. Wanachama wote wanapajua. Bwana Quaglia akija huwa anapatazama, anasema, bado? Nami husema, bado. Leo nimepatazama mwenyewe kwa muda mrefu. Nilikuwa naona mahali pa kisu. Leo nimeona nafasi kubwa kuliko kisu.

Kirudishe. Kifunge kama Mama alivyokifunga, na kifungo chake, ukiweke upande wa kushoto. Atakulaje huko?

Lakini nimewaza jambo na lazima ulifanye kabla hawajaziba ukuta. Mama alimpa Baba kisu, na Baba alikuwa ameshakufa, hakuweza kurudisha sarafu. Kisu kilitolewa bila sarafu, Dada. Ndiyo maana kilikata, na kwa kuwa hao wawili hakikuweza tena kuwatenganisha, kilitukata sisi. Usinicheke. Au nicheke, lakini chukua hii sarafu niliyoigandisha kwa nta, ni ya zamani, ya miaka ile ile. Mpelekee Mama, iweke penye jina lake, umwambie inatoka kwa Baba, na kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa.

Kwa Bustianu sina sarafu itakayotosha. Huko nitakwenda mwenyewe, na chungwa.

Nimekata tiketi ya meli ya Ijumaa, tutakuja wote wawili. Delfina anauliza alete nini, nimemwambia asilete paja la nguruwe. Na usiwaze kuhusu mezani. Nimefungua kabati lote leo, nikajaribu mkate kwa kisu kimoja kimoja, visu vya bei, visu vya vyeti, visu ambavyo watu wamevililia. Havikati. Katika kabati lote kinachokata ni kimoja tu, kile ulichokiharibu. Nitakuja nacho mfukoni.

Mdogo wako,
Bainzu


Orosai, 3 Juni 1984

Mdogo wangu,

Salamu kwa Delfina kuliko kwako. Mwambie mbuzi yule aliyempenda amezaa mapacha, na mmoja tumempa jina lake, yule mwenye kelele.

Nimepita makaburini leo. Sarafu ya Mama iko pale pale, hakuna aliyeigusa. Maganda ya chungwa nimeyaondoa kwa Bustianu, sisimizi walikuwa wameshaanza. Umelimenya vibaya, vipande vipande, angekucheka.

Ciriacu bado anasimulia watu jinsi ulivyotia mkono mfukoni mezani na wote wakakutazama. Anasema alijiandaa kukuuliza swali lile, lakini mkate ulikatika kabla hajafungua mdomo, akabaki anauliza nani amekunolea.

Jambo lenyewe ni hili. Umesahau kisu chako mezani kwangu. Delfina anasema hukusahau, nami sitaki kujua. Sikitumi kwa posta. Nimekitia kwenye droo, pamoja na cha Bustianu, na ukikitaka utakuja kukichukua hapa hapa, mavuno ya zabibu au Krismasi, wewe utachagua.

Nimekinoa tena.

Dada yako,
Totoia